Mgombea Aliyekataa Kuku

Pale Mkiwa, njia panda ambako mabasi ya Singida na malori ya Itigi hupunguza mwendo, watu waliijua mikono ya Redempta Hosea kabla ya kulijua jina lake. Alikuwa akimshika kuku chini ya mbawa, akimwinua mara moja tu, kisha akisema, "Huyu mgonjwa, mrudishe nyumbani," au, "Huyu atafika Dodoma anawika." Hakuwa na haja ya kumwinua mara ya pili. Wanawake waliomletea kuku kutoka vijijini walikuwa wakibishana na kila mnunuzi barabarani, lakini na Redempta hawakubishana, kwa sababu hakuwahi kumsingizia kuku ugonjwa ili ashushe bei.

Hakuanzia hapo. Alianza na ndoo ya mayai ya kuchemsha, akikimbia ubavuni mwa mabasi na chumvi na pilipili alizozifunga kwenye vipande vya gazeti. Miguu yake ilijua dereva yupi husimama kweli na yupi hupunguza mwendo kwa kejeli tu. Kutoka kwenye mayai akaingia kwenye kuku wawili watatu wa kuning'iniza mkononi, na kutoka hapo akafika kwenye matenga yaliyofungwa juu ya malori. Mwaka ambao kideri kiliua kuku vijiji vizima, wanunuzi wengine walihamia kwenye vitunguu. Yeye alinunua chanjo, akaitia kwenye chupa ya chai yenye barafu, akapita nyumba kwa nyumba akiwatia kuku wa watu tone moja moja jichoni. Wengine walimcheka kwamba anawaogesha kuku macho. Msimu uliofuata kuku walikuwepo, na kicheko kikakoma.

Mumewe, Laurenti, ni mkulima wa alizeti, mtu wa maneno machache. Mtoto wao wa kwanza anaitwa Manase, na kwa hiyo stendi nzima humwita mwanamke huyu Mama Manase.

Siasa haikuwa kazi yake, na pengine isingekuwa kamwe kama stendi ile ingekuwa na choo. Haikuwa nacho. Wanawake walioshinda pale juani walikwenda vichakani nyuma ya magunia ya mkaa, na magharibi moja binti mmoja muuza mayai alirudi kutoka huko akilia, kanga imechanika, nyuma yake utingo wa lori akicheka. Binti alikuwa amepona kwa mbio zake tu. Wanaume waliokuwa pale walisema mambo mawili: kwanza pole, pili kwamba wasichana wasikae stendi mpaka jua linazama. Hakuna aliyesema kwamba stendi inayotoza ushuru kila siku ingepaswa kuwa na mlango mmoja wa kufunga.

Redempta alilisema. Alilisema kwenye mkutano wa kata, akajibiwa kwamba hilo ni jambo la baraza la madiwani, angoje. Akangoja. Diwani aliugua kwa muda mrefu, kisha akafariki, Mungu amrehemu, na ukatangazwa uchaguzi mdogo wa kujaza nafasi yake. Redempta akauliza tena.

"Ngoja diwani mpya, Mama Manase," alisema ofisa aliyekuwa mezani.

"Na huyo diwani mpya anatoka wapi?"

"Fomu zinatolewa. Kachukue na wewe."

Watu wakacheka. Ofisa mwenyewe alicheka. Wiki ile ile Redempta akaenda kuchukua fomu.

Chama kilichomkubali kilikuwa kidogo sana. Ofisi yake ya wilaya ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kinyozi, na katibu wake alifurahi kumwona mtu yeyote. Aliyeshindana naye hasa alikuwa Bwana Alute, mwenye malori na maduka ya mbolea, mwenye chama chenye bendera kila kitongoji. Bwana Alute hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea. Alizoea kwamba kabla ya uchaguzi watu hugawiwa chumvi, kofia na fulana, na baada ya uchaguzi kila mtu hurudi kwake. Hakuona kosa kwa sababu hakuwahi kumwona mtu anayerudisha chumvi.

Redempta alikuwa na pikipiki moja ya shemeji yake Philipo, mwendesha bodaboda na mtu wa utani, na spika moja iliyofungwa kwa mpira juu ya kiti cha nyuma. Katika mkutano wake wa kwanza, pale pale stendi, kijana mmoja alipaza sauti kutoka kwenye kundi la waendesha bodaboda.

"Mama Kuku! Wenzako wanagawa chumvi. Sisi leo tunalamba nini, sera?"

"Lamba ya kwako," alijibu Redempta. "Ukilamba yangu leo, kesho nikikosea utanikemea kwa mdomo gani?"

Wakapiga kelele za kumsifu. Kelele zile zilimpanda kichwani, kama zinavyowapanda watu wote wanaosifiwa hadharani kwa mara ya kwanza. Akainua mkono wa kulia.

"Sikilizeni basi, na mnishuhudie. Katika kampeni hizi sitampa mtu hata kiberiti. Na sitapokea kwa mtu hata yai!"

Nusu ya kwanza ya kiapo hicho ilikuwa ya haki. Kitu kinachotolewa kwa jicho la kura ni rushwa, hata kikiwa njiti ya kiberiti, na anayekiita takrima anajidanganya. Nusu ya pili aliiongeza kwa sababu ilisikika vizuri. Hakuifikiria. Siku ile hakuna aliyeona tofauti ya nusu hizo mbili, wala yeye mwenyewe.

Kiapo kikasafiri. Akina mama wa jumuiya kanisani walikitaja, na msikitini pia kilitajwa. Vijana waliokuwa wamevaa fulana za Bwana Alute walianza kuzivaa nje ndani. Philipo, aliyeingia kwenye kampeni kwa kumwonea huruma kaka yake Laurenti, alianza kupiga hesabu.

"Shemeji," alisema siku moja wakiwa barabarani, "mimi nilidhani tunakwenda kuaibika. Sasa naona tunakwenda kushindwa kwa heshima."

"Tunakwenda kushinda, Philipo. Tazama mbele, usitugonge."

Hivyo ndivyo walivyofika Ng'ambo, kitongoji cha mwisho cha kata, kinachoitwa hivyo kwa sababu kiko upande wa pili wa korongo. Mkutano ulikuwa mdogo, watu wa nyumba chache na mbuzi wao. Redempta alizungumza kuhusu choo, chanjo na ushuru, akamaliza, akaanza kufunga spika. Ndipo akaja Bibi Cecilia.

Huyu alikuwa mjane mzee aliyeishi peke yake kwenye nyumba ya kwanza ukitoka korongoni. Ukutani kwake kulikuwa na mtungi wa maji na kikombe cha bati, na watoto wote wa Ng'ambo walikunywa pale wakienda na kurudi shule. Alikuja taratibu, mikononi amemshika mtetea mwekundu aliyefungwa miguu kwa utepe wa kitambaa.

"Pokea, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye uliyewaponya kuku wangu mwaka ule wa kideri, nawe hukukaa hata kunywa maji. Leo umefika tena. Siwezi kukuacha uondoke hivi hivi."

Kila mtu pale alijua maana yake. Katika vijiji vya Singida mgeni wa heshima hupewa kuku. Kuku huchinjwa mgeni ale pale, au hufungwa miguu mgeni aende naye. Si malipo ya kitu chochote. Ni njia ya kusema: nimekuona umefika kwangu. Redempta mwenyewe alikulia katika desturi hiyo. Lakini kando ya mti walisimama vijana wawili wa Bwana Alute, mmoja ameinua simu anapiga picha, na Redempta aliisikia sauti yake mwenyewe kutoka stendi: hata yai.

Akapiga magoti. "Asante sana, mama. Lakini siwezi. Nimeapa sitapokea kitu."

"Si kitu. Ni kuku."

"Nimeapa, mama."

"Shemeji, pokea," Philipo alinong'ona nyuma yake.

Redempta hakugeuka. Bibi Cecilia akasema, "Haya," akainama, akafungua utepe. Mtetea akajikung'uta na kukimbilia nyumbani. Mwenye mtetea akamfuata polepole bila kuaga.

Walipovuka korongo Philipo alizima pikipiki.

"Umefanya vibaya."

"Nimefanya nilichosema."

"Ndiyo. Umefanya vibaya kama ulivyosema."

Redempta alijikaza. Ndani ya moyo wake aliona fahari, nami sitaificha: alijiona yeye ni mwanamke mwenye msimamo, ambaye hata kuku mmoja hawezi kumtikisa. Msimamo ni kitu kizuri. Lakini mtu anaweza kusimama imara juu ya mguu wa mwenzake, na asijue kwa nini mwenzake analia.

Habari ilimfikia siku chache baadaye, Alhamisi, kabla ya wiki ya mwisho ya kampeni kwisha. Magreth, mwanamke wa Ng'ambo aliyekuwa akimletea kuku kwa miaka mingi, alifika stendi na tenga lake, akamsalimu, kisha akaanza kufungua tenga bila kumtazama usoni.

"Sema, Magreth. Una kuku wabaya leo?"

"Kuku wazima, dada. Ni yule mama uliyemkatalia kuku."

"Amekasirika. Najua. Baada ya uchaguzi nitakwenda kumwona."

"Hajakasirika, dada. Wanasema wewe unajua kitu."

"Kitu gani?"

Magreth alitazama barabarani kwanza. "Wanasema, Mama Manase anapita kila nyumba, kuku wa watu wote anawashika, wa kila mtu anawanunua. Kwa nini akatae wa mama yule peke yake? Mtu hukataa kitu cha mtu anayemwogopa. Sasa watoto wamekatazwa kunywa kwenye mtungi wake. Wanapita mbio. Mmoja juzi alimrushia jiwe mlangoni, na mama yake hakumpiga."

Redempta alimweka chini kuku aliyekuwa amemshika.

"Mimi sikusema hivyo. Nilisema nimeapa."

"Uliapa huku Mkiwa, dada. Kule kwetu walikuona tu unakataa."

Kila asomaye haya na kujua vijiji vyetu anajua jina la uchawi likimkaa mjane mzee anayeishi peke yake hufika wapi. Huanza na mtungi usionywewa maji. Halafu mtoto wa mtu huugua homa, na watu huanza kukumbuka. Redempta alijua. Kijijini kwao alikozaliwa kulikuwa na mama mmoja aliyehama kwa sababu ya maneno kama hayo, na nyumba yake ikabomoka yenyewe.

Jioni alimweleza Laurenti. Alieleza kwa kirefu: kiapo, vijana wenye simu, na kwamba kama angepokea wangesema ni mnafiki. Laurenti alikuwa akinoa jembe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yule kuku wa kwanza," alisema, "ulimnunua wapi?"

"Kuku gani?"

"Uliyechemsha mayai yake."

Redempta akakumbuka. Hakumnunua. Alipoletwa hapa akiwa bibi harusi, jirani wa upande wa chini, mama ambaye hakuwa hata wa ukoo wao, alimjia na mtetea wa madoa, akamwambia karibu. Mtetea yule alitaga, akatotoa, akatotoa tena. Ndoo ile ya mayai ilitoka kwake, na matenga yote yaliyopanda malori baadaye yalitoka kwenye ndoo ile. Biashara yake yote ilisimama juu ya kuku aliyempokea kwa mikono miwili, akipiga goti, wala hakuna aliyemnunua mtu.

Laurenti akaendelea kunoa jembe lake.

Asubuhi Philipo aliposikia kwamba Jumamosi wataanzia Ng'ambo, alishika kichwa.

"Shemeji, Jumamosi ndiyo siku yetu ya mwisho. Ratiba imetupa uwanja wa gulio, kijiji kikubwa kuliko vyote. Watu wote watakuwepo. Ng'ambo ni nyumba chache na mbuzi!"

"Tutakwenda asubuhi. Mchana tutakuwa gulioni."

"Na ukipokea huyo kuku, Alute atakuimba mpaka ukome. Watu wanakupenda kwa kiapo chako. Choo? Choo hakuna anayekipenda. Ni kiapo."

"Philipo, nimemtia doa mtu asiye na kosa. Nikiwa diwani juu ya hilo, nitakuwa diwani wa nini?"

"Wa kata," alisema Philipo, lakini kwa sauti ya chini, na Jumamosi alikuja na pikipiki mapema.

Bibi Cecilia alikuwa uani akipeta uwele. Hakuinua kichwa. Mtungi ulikuwa mahali pake ukutani, umejaa hadi juu.

"Shikamoo, mama," alisema Redempta.

Bibi Cecilia akaendelea kupeta. Salamu ile ilibaki hewani bila kuitikiwa, na asiyewahi kunyimwa marahaba hajui uzito wake. Redempta akapiga magoti palepale vumbini.

"Umekuja kuomba kura ya nani?" Bibi Cecilia aliuliza mwishowe. "Ya mchawi?"

"Sikuja kwa ajili ya kura. Nimekuja kumchukua kuku wangu."

"Kuku wako! Si ulimkataa?"

"Nilikosea, mama. Niliapia mambo ya watu wanaonunuana, nikakuingiza na wewe."

"Basi nenda ukamchukue. Yumo ndani, pembeni. Wewe si mnunuzi? Unajua kushika."

Redempta akaingia. Kwenye kona yenye giza, ndani ya chungu kilichovunjika shingo, mtetea mwekundu alikuwa amejitandaza, manyoya yamesimama, macho makali. Anaatamia. Alimtazama Redempta na kutoa sauti ile ya kukwaruza wanayoitoa wakilinda mayai. Redempta alikuwa ameshika maelfu ya kuku maishani mwake, ila hakuwahi kumwondoa hata mmoja juu ya mayai. Akatoka mikono mitupu.

"Anaatamia."

"Tangu juzi," alisema Bibi Cecilia. "Alikungoja akachoka."

Philipo, aliyekuwa amesimama langoni, alikohoa kuzuia kicheko.

"Basi nipe chakula," alisema Redempta.

"Sina chakula cha wagombea."

"Nipe cha watu."

Hapo tu ndipo Bibi Cecilia alipoinua kichwa. "Cha watu kinakawia. Uwele haujatwangwa, mlenda haujachumwa. Na wewe una spika yako inakungoja."

"Mchi uko wapi?"

Wakatwanga wawili kwenye kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wa yule ukishuka. Kisha wakasaga kwenye jiwe, kwa kuwa mashine ya kusaga iko mbali na Bibi Cecilia hakuwa na mtu wa kumtuma. Mlio wa michi miwili kwenye nyumba ya mtu anayeishi peke yake husikika mbali. Magreth alikuwa wa kwanza kutokeza. Halafu jirani, halafu mwingine, wakisimama nje ya ua kana kwamba wamepita tu. Philipo alitazama jua, akatazama pikipiki, akakaa chini.

Chakula kilipoiva, Bibi Cecilia alitaka kukipeleka ndani.

"Hapana, mama. Hapa nje."

Wakala nje, sahani moja, bakuli moja la mlenda, mkono wa huyu baada ya mkono wa yule. Redempta alikula kama aliyetoka shambani, akauvuta mlenda na kuukata kwa kidole, akaongeza tonge. Kisha akainuka, akaenda ukutani, akachota maji mtungini kwa kikombe cha bati, akanywa kikombe chote huku wote wanamtazama. Akachota cha pili.

"Karibuni chakula," aliwaita waliosimama nje ya ua.

Hakuna aliyesogea. Magreth ndiye aliyeingia, akanawa, akakaa. Baada yake akaingia mama mmoja mnene aliyekuja na mwanawe, yule yule mrusha mawe. Alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama Cecilia, mlenda wako una karanga?" aliuliza, kwa kuwa ilibidi aseme kitu.

"Una karanga. Na mwanao ana shabaha."

Mama yule akainamisha uso. Kisha akamvuta mwanawe sikio, akamwambia aombe radhi, na mtoto akaomba. Bibi Cecilia akamwonyesha mtungi kwa kidole. "Kanywe, umetoka jasho."

Wakati wa kuondoka, Bibi Cecilia aliwasindikiza hadi kwenye korongo.

"Kuku wako atatotoa baada ya wiki tatu," alisema. "Lakini wiki tatu uchaguzi utakuwa umekwisha. Hutakuja."

"Nitakuja."

"Wagombea wote husema hivyo."

Redempta akapanda pikipiki.

Walifika gulioni jua likiwa limeelekea chini kabisa. Watu waliokuwa wakiwangoja tangu mchana walikuwa wamepungua, na waliobaki walikuwa na hasira. Kampeni hufungwa saa kumi na mbili jioni, na askari aliyekuwa uwanjani alikwisha kuitazama saa yake. Redempta alipanda juu ya kreti ya soda akiwa bado na unga wa uwele kwenye kanga.

"Mama Kuku, ulikuwa wapi?" mtu alipaza sauti. "Alute ametupa maji ya chupa, wewe unatupa jua!"

"Nilikuwa nakula," alisema Redempta.

Uwanja ulicheka, na si kicheko kizuri.

"Niliapa mbele yenu kwamba sitapokea hata yai. Leo nimekula ugali na mlenda kwa Bibi Cecilia wa Ng'ambo, na kuku wake nitampokea. Nimevunja kiapo. Sikuvunja kwa siri, nawaambia mwenyewe. Nilimkataa mama yule kwa kiburi, na watu wakasema nimemwogopa. Simwogopi. Hana baya lolote. Mwenye kosa ni mimi. Kumpa mtu kitu ili nimnunue, hilo sitafanya leo wala kesho. Lakini mkono wa mwenyeji sitaukataa tena."

"Sasa kiapo chako cha kesho tutakiaminije?" aliuliza kijana mmoja, wala hakuwa akidhihaki. Alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakivaa fulana nje ndani.

"Sitaapa tena," alisema Redempta. "Nitakwambia nitakachofanya, na wewe utanitazama."

Askari akainua mkono. Muda ulikuwa umekwisha, na neno choo halikutajwa hata mara moja.

Bwana Alute alishinda kwa mbali. Redempta alikuwa wa pili kati ya wanne, na hata Ng'ambo hakuongoza, maana wengi wa kule walikuwa wamekula chumvi na waliona ni adabu kuilipa. Philipo alisikiliza matokeo yakisomwa kituoni, mikono nyuma, na alipotoka alisema tu, "Kura zetu ni za watu wasiolipwa, shemeji. Haziozi upesi." Redempta alimpa mkono Bwana Alute, akampongeza, akarudi nyumbani akalala. Kesho yake alikuwa stendi kabla ya basi la kwanza.

Zilipotimia wiki tatu alimwambia Philipo atie mafuta.

"Ng'ambo? Kufanya nini tena? Kura zimeshahesabiwa!"

"Ndiyo maana tunakwenda."

Bibi Cecilia alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba yake. Mtungi ulikuwa umebaki nusu, na kikombe cha bati kilikuwa chini, pale mtoto fulani alipokisahau. Mtetea mwekundu alikuwa uani na vifaranga wake, akiparura.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Alimtazama juu mpaka chini, kama anayehakikisha kwamba hakuna spika. "Umeshindwa."

"Nimeshindwa."

"Na umekuja."

"Nimekuja."

"Sasa umekuwa mgeni," alisema Bibi Cecilia, akainuka. Hakumfunga mtetea, kwa kuwa mama hatengwi na vifaranga. Akaenda bandani, akarudi na mwingine, dada yake yule, mwekundu vile vile, miguu imefungwa kwa utepe ule ule. Redempta akapiga goti, akampokea kwa mikono miwili. Hakumwinua chini ya mbawa kumpima.

Walipita stendi wakirudi. Kuku alikuwa kwenye kikapu mapajani mwa Redempta, kichwa nje, na abiria mmoja wa basi lililosimama akachungulia dirishani.

"Mama, huyo mwekundu bei gani?"

"Huyu hauzwi. Wako wale kwenye tenga, chagua."

Alikuwa bado anasema hivyo gari la diwani mpya lilipopunguza mwendo kwenye njia panda. Redempta alimkabidhi Philipo kikapu, akavuka barabara, akasimama mbele ya gari hilo mpaka likasimama kabisa. Kioo kikashushwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Mama Manase," alisema Bwana Alute, akitabasamu. "Uchaguzi umekwisha, mama. Pumzika."

"Umekwisha, Mheshimiwa. Choo hakijaanza. Mkutano wa kwanza wa kata ni lini, nije niulize?"

Bwana Alute alimtazama dereva wake. Nyuma ya Redempta walikuwa wamekwisha kuvuka barabara wauza mayai wanne, ndoo kichwani. Binti wa kanga iliyochanika alikuwa mmoja wao. Walisimama wakingoja jibu.

"Jumatano ya wiki ijayo," alisema Bwana Alute.

"Tutakuja," alisema Redempta, akasogea pembeni gari lipite.